Jumapili Mtani Wetu Aliposema Kweli

Hakuna kitu kinachoniudhi kama kusikia mtu mzima anasema mchezo ni mchezo tu. Akisema hivyo mbele yangu nainuka, nachukua kigoda changu, naondoka. Wajukuu wamenizoea, wanaambiana bibi keshapandisha. Ndiyo, nimepandisha! Kaka yangu alikufa safarini akirudi kucheza mpira, na mtu aliyetuletea habari za kifo chake tulimpigia makofi. Kijiji kizima, na mama yangu mzazi mbele.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye matembe yetu, tukapangwa kwenye kijiji kipya upande wa Kintinku, chini ya ule mlima mrefu ambao barabara ya Manyoni inaushuka kwa kona nyingi. Nasema tulipangwa kwa sababu mwenyekiti wetu alikuwa na ugonjwa wa mistari. Nyumba kwenye mstari, vyoo kwenye mstari, wanawake wakienda kisimani kwenye mstari. Kuku tu ndio walimshinda. Siku alipotangaza mashindano ya michezo, jambo la kwanza alilotaka kujua si nani atacheza, ni watazamaji watasimamaje.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya Jumamosi na Jumapili. Jumamosi palikuwa na netiboli, kuvuta kamba, kukimbia ndani ya magunia na kukamata kuku. Mimi nilikuwa mchezaji wa netiboli, msichana niliyekomaa, nguvu tele, mdomo zaidi. Mwenyekiti alitukataza kuruka, eti wasichana kurukaruka mbele ya wazee si adabu. Basi tukacheza netiboli bila kuruka, sisi na wenzetu wa kijiji cha pili, tunarushiana mpira tumesimama wima kama tunauziana malimao. Tulishinda, lakini mpaka leo sijui tulishinda nini.

Refa wa michezo yote alikuwa bwana mifugo, kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa na filimbi. Filimbi ile aliitumia kuitia ng'ombe josho. Sasa ng'ombe hawajui michezo. Akipuliza faulo, ng'ombe walioko kando ya uwanja wananyanyua vichwa na kuanza kujipanga kwenda kuogeshwa. Mara mbili tulisimama tukingoja wapite katikati. Mwenyekiti alifurahi sana, akasema oneni, hata mifugo inaelewa mstari.

Lakini lililosubiriwa na wote lilikuwa mpira wa miguu. Vijana wetu walikwenda Itigi kucheza Jumamosi, na Jumapili wao na wa Itigi waje kurudiana kwetu, mbele ya mgeni rasmi kutoka wilayani. Zawadi ilikuwa beberu mmoja mweusi, mkali, amefungwa kwenye nguzo ya goli, shingoni ana utepe mwekundu ambao kila saa alikuwa akijaribu kuula.

Kaka yangu ndiye aliyekuwa golikipa. Alikuwa mrefu, mpole, mikono mikubwa. Hakuna kilichompita. Mama akikasirika jikoni alikuwa na tabia ya kurusha mwiko, na kaka anaudaka hewani, anamrudishia kwa mikono miwili, "Mama, mwiko wako." Mama anajitahidi kununa, anashindwa. Baba alikwisha kufa siku nyingi, kwa hiyo kaka ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba yetu, na mama alimpenda kupita kiasi. Nilikuwa naona wivu, nasema ukweli.

Sasa hapa ndipo hasira zangu zinapoanzia. Treni ipo! Itigi kuna stesheni, kwetu kuna stesheni. Vijana walipaswa kurudi kwa treni kama watu wote. Mwenyekiti akakataa. Treni inaingia saa yake yenyewe, haingoji mgeni rasmi, na inashusha watu kimya kimya kama mizigo. Yeye alitaka timu mbili ziingie uwanjani juu ya lori, bendera zinapepea, zinaimba. Akaazima lori. Lori lenyewe kila mtu alikuwa akilijua, lilikuwa likisimama mahali linapotaka.

Jumamosi jioni mtu wa stesheni akatuletea habari iliyopita kwenye simu ya reli, kwamba vijana wetu wamefungwa tatu. Tatu! Mama alikaa chini. Akasema, "Mimi yule akija simpi chakula." Halafu akaenda kuchinja jogoo kumngojea.

Kabla sijaendelea lazima nimweleze mtani wetu. Nyinyi wa siku hizi utani mnaujua wa kutupiana maneno tu. Sisi Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mababu zao walikuwa wakipita kwetu na mizigo kichwani, wana kiu, na mababu zetu wakawatoza kwa maji ya visima vyetu, na asiye na kitu wakamnyima. Hilo hawajasahau. Basi kulikuwa na Mnyamwezi mmoja wa Itigi, anafanya kazi ya kutengeneza njia ya reli, miaka yake kama thelathini na kitu, ambaye kila akipata likizo anashuka kwetu kudai maji ya babu yake. Anaingia uani bila hodi. "We mwanamke, maji yangu yako wapi?" Hiyo ndiyo salamu yake kwa mama. Alimwita mama mke wangu, akafunua vyungu, akala nyama iliyofichwa, na mama akamfukuza kwa mti wa kuchochea moto huku akicheka mpaka machozi. Wakati mwingine alikuja na kibuyu cha asali akakificha chini ya kitanda cha bibi bila kusema neno. Na kwa mtani hakuna kukasirika. Ukikasirika umeshindwa.

Mwaka wa nyuma yake alikuwa ametufanyia kitu. Alikuja amejipaka majivu, amevaa sketi, analia barabara nzima kwamba bibi yetu amefariki na yeye ndiye mjane wake. Watu wakatoka majumbani wanakimbia. Bibi mwenyewe alikuwa mlangoni anamenya karanga. Badala ya kukasirika akainuka, akajiunga naye kulia, akawa anajililia mwenyewe kwa jina lake la utotoni. Kicheko kile kilidumu miezi.

Na mtani ana kazi nyingine, kila mtu wa kwetu anaijua. Penye msiba, mtani ndiye anayetumwa kupeleka habari, ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayepika, ndiye anayechekesha wafiwa. Wenye uchungu wakae, mtani afanye.

Basi Jumapili asubuhi, lori likiwa limewabeba vijana wa timu zote mbili na mashabiki, mtani wetu akiwemo, likashindwa kufunga breki kwenye mteremko wa mlima. Likaacha kona, likapinduka. Wengi walivunjika hiki na kile. Aliyekufa ni mmoja, kaka yangu. Wazee waliokuwa ndani ya lori, wamekaa kando ya barabara na damu zao, wakakata shauri kama inavyotakiwa. Mwili utaletwa kwa trekta iliyokuwa shamba la karibu. Mbele yake atangulie mtu wa kumwandaa mama, asije akakutana na mwili njiani. Na habari za msiba wa Mgogo anapeleka nani? Mtani! Wakamwazimia baiskeli ya mpita njia, wakamwambia wahi. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Mila waliifuata sawasawa, na mila ikamchagua mtu mmoja katika wilaya nzima ambaye hatungemwamini.

Sisi tuko uwanjani. Ibada imekwisha, jua liko katikati, kijiji kizima kimepangwa. Mama yangu ndiye aliyeongoza ngoma ya wanawake, zile ngoma za muheme zinazobanwa mapajani, na alikuwa mbele kabisa kando ya njia, kwa sababu mwenyekiti aliagiza lori likitokea tu wanawake walipokee kwa ngoma mpaka katikati ya uwanja. Mama amejipaka mafuta, amefunga kitambaa kipya. Kila kidogo anasema, "Tatu! Ngoja aje." Mimi niko nyuma yake na sketi yangu ya kaniki ya netiboli.

Tukamwona mtani anakuja na baiskeli isiyo yake, anayumba. Mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Shati limejaa damu.

Jamani, tulivyofurahi! "Huyooo!" Watu walipiga vigelegele. Mwaka ule sketi, mwaka huu kiatu kimoja. Ngoma zikampigia. Akaiacha baiskeli ianguke, akaja katikati yetu anahema, akanyanyua mikono.

"Zimeni ngoma," akasema. "Nimeleta msiba."

Bibi yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini. Akapaza sauti, "Nimekufa tena? Leo nimekufa saa ngapi?"

Uwanja ulilala kwa kicheko. Kuna mwanamke aliyekuwa mjamzito ilibidi ashikiliwe.

"Si wewe, bibi," mtani akasema. "Ni golikipa. Lori limeanguka mlimani."

"Amekufa kwa aibu!" mama akadakia. "Tatu! Hata mimi ningekufa!"

Kicheko tena. Mtani akamtazama mama. Akashika shati lake akalivuta mbele. "Hii ni damu yake, tazameni, ni damu yake." Hapo bwana mifugo akajitokeza na filimbi shingoni, mtu wa serikali, mtaalamu. Akalishika shati, akasugua kwa vidole, akanusa. Akatikisa kichwa taratibu.

"Hii ni ya mbuzi," akatangaza.

Naapa mpaka leo nikikutana na mtu amevaa filimbi shingoni namkata jicho. Ya mbuzi!

Mwenyekiti hakutaka kupitwa. Alikuwa na bati amelikunja kama bomba la kupigia kelele, akaliweka mdomoni. "Ndugu wananchi, mtani wetu ametuletea salamu za msiba kama ilivyo kawaida yake. Kwa kazi hiyo nzuri, makofi matatu!" Tukapiga. Pa, pa, pa. Mtani amesimama katikati anapigiwa makofi, mikono imeanguka.

Akaanza kulia. Alilia kweli, kamasi na yote, na watu wakaguna kwa kumsifu. "Leo kapatia!" "Huyu angefaa redioni!" Nilimsikia akisema, "Wanaleta mwili, jamani, wako nyuma yangu, mama asiwe hapa," na mwanamke wa pembeni yangu akayarudia maneno yale kwa sauti yake, na sisi tukaangua kicheko upya. Kila alivyozidi kusema ukweli, ndivyo alivyozidi kuonekana hodari.

Na hapo mama akafanya jambo ambalo, angekuwa hai akanikataza kulisema, ningenyamaza. Hakunikataza. Mtani akikuletea msiba wa uongo, unamjibu kwa kilio cha uongo, ndiyo utani wenyewe. Mama akasimama, akaweka mikono kichwani, akaanza kumlilia mwanawe. Wanawake wakabadilisha ngoma, wakapiga mapigo ya msiba. "Mwanangu wee! Golikipa wangu wee! Umeniacha na nani? Nani atakula jogoo wangu? Umepitwa na tatu, na mimi umenipita wee!" Alikuwa na sauti nzuri, mama. Alilia kwa ufundi, anapinda mgongo, anashika tumbo lililomzaa. Wanawake wanaitikia. Mimi nikajitupa chini na sketi yangu, nikagaagaa vumbini, nikimwita kaka. Kijiji kizima kilimwomboleza kaka yangu kwa raha kubwa, beberu anatutazama.

Mtani akageuka kutazama barabarani. Mbali, kule njia inakotoka mlimani, vumbi lilikuwa limeanza kunyanyuka. Na sisi tukaliona. "Lori hilo!" mwenyekiti akapiga kelele katika bati lake. "Wanawake, tayari! Mbele!" Mama akafuta machozi yake ya kucheka, akaichukua ngoma yake aende kulipokea.

Mtani akakimbia akamzuia njia. Nilidhani sasa atamkumbatia amwite mke wangu. Hakumgusa. Alipiga magoti yote mawili kwenye vumbi, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri, "Shikamoo, mama."

Miaka yote ile hakuwahi kumpa shikamoo. Mtani hatoi shikamoo, itakuwa kama kuukana utani.

Mama akajibu, "Marahaba." Mdomo ulijibu wenyewe, kwa mazoea. Halafu nikaona mkono wake ulioshika ngoma unashuka. Ngoma ikaenda chini pole pole, yeye haioni. Nyuma wanawake walikuwa bado wanapiga, wa mbele wakanyamaza, kisha wa katikati, na mwisho akabaki mmoja aliyekuwa hajaona, naye akanyamaza.

"Yuko wapi?" mama akauliza.

"Anakuja, mama," mtani akasema, bado yuko magotini.

Haikuwa na haja ya kuuliza zaidi. Trekta iliingia uwanjani na tela lake, na nyuma yake Landrova ya mgeni rasmi ambayo njia nzima ilishindwa kuipita, inapiga honi. Watoto wa shule walikuwa wamefundishwa kwamba gari likiingia waimbe. Gari likaingia, wakaimba. Walimwimbia kaka yangu karibu mgeni wetu, beti zote, na mwalimu wao alikuwa anawapungia mkono wanyamaze nao wakadhani anawaongoza. Mwenyekiti bati liko mdomoni na haisikiki hata pumzi. Kaka alikuwa amelazwa kwenye tela, amefunikwa fulana za timu zote mbili.

Mama alipanda kwenye tela mwenyewe. Akafunua. Akaitazama mikono yake kwanza, akaigeuza viganja. "Mikono haina hata mchubuko," akasema. Akafunika, akashuka, akauliza kama majeruhi wamepewa maji.

Hakulia.

Mimi nililia mpaka nikatapika. Bwana mifugo akamsogelea mgeni rasmi, akamuuliza kwa adabu kama mchezo umeahirishwa au umefutwa, kwa sababu ya beberu. Nilimwambia maneno ambayo mtoto wa Kikristo hapaswi kuyajua. Hakuna aliyenikemea.

Usiku ukapita, Jumatatu ikafika, na mama bado hajalia. Alikaa kwenye mkeka kati ya wanawake, macho makavu, anauliza wageni wametoka wapi, wamekula nini. Kwetu mfiwa asipolia watu wanaogopa. Kilio kikikwama ndani kinaweza kumwondoa mtu akili, au kumwondoa kabisa. Mabibi walijaribu. Walimtajia utoto wa kaka, walimletea suruali yake yenye magoti yaliyotoboka. Akaikunja vizuri akaiweka. Shangazi yangu akaninong'oneza kilichokuwa kwenye fikra za wote: "Alikwisha kumlilia jana. Ametumia kilio chote kwenye mchezo." Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Kaka amekwenda, na sasa naona mama naye anakwenda, amekaa hapo hapo anauliza watu kama wameshiba.

Watani walikuwa wanachimba kaburi tangu asubuhi, mtani wetu na Wanyamwezi wenzake wa timu ya Itigi, wengine na vitambaa vya damu vichwani. Walichimba kimya. Hakuna aliyemwigiza marehemu, hakuna aliyeiba sufuria, hakuna aliyemtania mjomba kwa tumbo lake. Wazee wetu wakaanza kunung'unika. Hawa watani wamegoma? Mtu wetu azikwe kimya kimya kana kwamba ameokotwa? Katekista peke yake ndiye aliyependezwa. Alisema kwa mara ya kwanza ameona mazishi ya heshima.

Ikaja habari ya chakula. Watu wengi, mlenda upo, ugali wa uwele upo, nyama hakuna, na beberu yule bado amefungwa golini na utepe wake. Mjomba akasema achinjwe. Bwana mifugo akakataa. Beberu ni zawadi ya mshindi na mshindi hajapatikana, mchezo haujachezwa, yeye hawezi kutoa mali ya mashindano kiholela. Wakabishana uani kwa mfiwa! Mwisho wakakubaliana mchezo uchezwe kidogo tu, ili sheria itimie. Kweli kabisa, siwatanii. Wakaenda uwanjani, wachache wetu wenye miguu mizima na wachache wao, wakajipanga kwenye mstari, bwana mifugo akapuliza filimbi. Ng'ombe wakaanza kwenda josho. Mpira ukawekwa katikati na hakuna aliyetaka kuugusa, kwa sababu lango letu lilikuwa tupu na kila mtu alikuwa akilitazama. Kijana mmoja wa kwetu alitakiwa asimame golini, akakataa, akasema yeye hawezi kusimama pale. Mwisho mvulana wa Itigi mwenye mkono uliofungwa akaupiga pole pole, kama mtu anayesukuma mlango wa chumba cha mgonjwa. Ukabingirika wenyewe mpaka ndani. Filimbi. Itigi wameshinda. Hakuna aliyekwenda kuuokota mpira. Wakamfungua beberu wakamleta kwetu moja kwa moja, mtani wetu akamchinja.

Alasiri tukaenda kuzika. Mama tulimshika mimi na shangazi huku na huku, ingawa alitembea vizuri kuliko sisi. Mwili uko kwenye ubao kando ya kaburi, umefungwa shuka. Katekista akafungua kitabu chake, akasafisha koo.

Ndipo mtani wetu akashuka kaburini akalala chali.

Hiyo ni haki yake. Mtani hulala kaburini, husema hapa pangu, sitoki mpaka mnipe kitu. Watu wanamsihi, anataja kuku, anataja kitenge cha mjane, wanabishana, watu wanacheka, anatoka. Wazee wetu wakashusha pumzi, afadhali. Tukangoja adai. Hakudai. Amelala tu kule chini, macho ameyafumba, mikono kifuani, machozi yanamwingia masikioni. Katekista akasema, "Ndugu, tafadhali." Hakusikia. Mjomba akainama akamwita, akamwahidi kuku kabla hajaombwa. Hakuinuka. Hapo watu wakaanza kutazamana, maana haikuwa tena mchezo, mtu alikuwa amelala kaburini na hakuonekana kuwa na nia ya kutoka.

Mama akatuachia mikono. Akasogea mpaka ukingoni, udongo ukadondoka kidogo juu ya kifua cha mtani.

"Unataka nini?" akamuuliza.

"Sitaki kitu, mama."

"Usiniite mama. Unataka nini?"

"Sitaki kitu."

Mama akanyoosha kidole kwenye ubao. "Asiyetaka kitu ni yule. Yule hataki maji, hataki jogoo, hataki chochote kwangu. Wewe ni mtani, huwezi kulala kwangu usitake kitu. Sema!"

Sauti ilikuwa ya ukali, ile ya kurushia mwiko. Mtani akafumbua macho. Alimtazama kutoka kule chini.

"Nataka maji," akasema.

"Maji gani?"

"Ya babu yangu. Mlimnyima."

"Na wewe nakunyima!" mama akasema. "Mnyamwezi mwizi usiye na haya, umefuata maji mpaka kaburini! Hupati hata tone!"

Mtu mmoja nyuma akacheka, hakuweza kujizuia. Halafu mwingine. Bibi akacheka. Mama naye akaanza kucheka, mabega yanatikisika, ameshika tumbo, amepinda mgongo, na nilikuwa nimemfuata nimemshika kiunoni, kwa hiyo nilisikia kwa mikono yangu kicheko kile kilipokatika. Kilikatika katikati. Kilichokuja baada yake kilitoka chini sana, bila maneno, bila ufundi wowote. Hakukuwa na wa kumwitikia. Akaanguka na mimi, tukaanguka wote wawili juu ya udongo uliochimbwa, na mama akalia.

Mtani akasimama mle mle kaburini. Alikuwa mrefu, kichwa na mabega yalionekana juu. Akajipangusa uso kwa mkono wa shati, akatunyooshea mikono yote miwili.

"Haya," akasema, "nipeni mtoto."